Bunduki Rahisi na Shabaha ya Mbali

Katika duka la silaha huko Marekani mtu huweza kukuta bunduki mbili za komeo zimesimamishwa bega kwa bega ukutani. Zote mbili hupiga risasi ya aina moja, lakini moja huuzwa kwa dola 500 au pungufu, na ya pili kwa dola 3,000 au zaidi. Muuzaji akiulizwa sababu ya tofauti hiyo, aghalabu huvuta mtoto wa meza na kutoa karatasi ya shabaha yenye matundu matatu yaliyoshikana kama majani ya mkarafuu. Karatasi hiyo, asema, ni ya bunduki ghali. Mnunuzi mwenye fedha chache, anayetaka tu kushiriki mashindano ya kulenga shabaha siku za Jumamosi, hubaki akijiuliza kama ile bunduki rahisi itamwaibisha.

Swali lake ni la fizikia na hesabu kuliko la biashara. Linamhusu hata mwanafunzi ambaye hatashika bunduki maishani mwake, maana kiini chake ni kipimo: mtu ajuaje kwamba alichokipima ndicho kilichopo, wala si bahati iliyopita na kwenda zake?

Komeo, ganda na michirizi

Bunduki ya komeo huitwa hivyo kwa sababu sehemu yake ya nyuma hufungwa kwa chuma cha mviringo kinachosukumwa mbele kisha kuzungushwa, sawa kabisa na komeo la mlango. Meno ya komeo hilo huingia katika mapengo yaliyochongwa ndani ya mwili wa bunduki, na chemba ikawa imefungwa. Kufunga huko si jambo dogo. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki kitakoni mwake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Fataki ikipigwa, baruti huungua na kutoa gesi yenye kanieneo kubwa mno. Kwa risasi ya.308 Winchester, iliyoanza kuuzwa mwaka 1952 na ambayo itatumiwa katika mifano yote ya makala haya, kanieneo hilo huweza kufikia mara 4,000 ya kanieneo la angahewa. Komeo ndilo linaloizuia gesi hiyo isirudi usoni mwa mpigaji.

Muundo unaofuatwa hadi leo na viwanda vingi ni ule wa Mjerumani Paul Mauser, uliopokewa na jeshi la nchi yake mwaka 1898. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliziona bunduki za Mauser mapema. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, wengi wa askari waliokuwa upande wa Wajerumani walikuwa bado na mtindo wa zamani wa mwaka 1871, uliotumia baruti nyeusi. Wingu la moshi lilimwonyesha adui mahali hasa alipolala mpigaji. Bunduki za mwaka 1898 zilitumia baruti isiyo na moshi, nazo zilikuwa chache.

Ndani ya mtutu mna michirizi iliyojipinda kama njia ya parafujo. Gobore la zamani halikuwa na michirizi. Goroli yake ilitoka ikibingirika ovyo, na zaidi ya hatua mia moja hakuna aliyejua itakwenda wapi. Michirizi hukizungusha kichwa cha risasi kikawa kama pia, na pia inayozunguka kwa kasi haianguki upande. Mwanafunzi aweza kufanya hesabu mwenyewe. Kichwa cha .308 chenye gramu 10.9 hutoka kwa mwendokasi wa karibu mita 800 kwa sekunde. Michirizi ikikamilisha mzunguko mmoja kila milimita 305, kichwa hicho huzunguka zaidi ya mara 2,600 katika sekunde moja.

Mtutu hutetemeka kama rula

Mwalimu akibana rula ukingoni mwa meza na kuipigapiga ncha, darasa zima litaiona ikitetemeka. Mtutu wa bunduki umebanwa vivyo hivyo: nyuma umeshikwa, mbele u huru. Risasi inapolipuka, mtutu hupatwa na mtetemo kabla kichwa hakijatoka mdomoni. Hilo lenyewe si kosa. Kama mtutu ukitetemeka vilevile kila mara, kila kichwa kitatoka mdomo ukiwa umeelekea palepale, na matundu yatasongamana. Hasara huja pale mtetemo wa leo usipofanana na wa jana.

Ukakamavu wa fimbo ya mviringo hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, na hupungua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Mtutu wenye unene wa milimita 22 ni mkakamavu zaidi ya mara mbili kuliko wenye milimita 18. Na mtutu uliokatwa kutoka milimita 660 hadi 560 huongezeka ukakamavu kwa zaidi ya nusu. Si ajabu, basi, kwamba mitutu ya mashindano ni minene hata huonekana kama bomba la maji. Mwindaji anayepanda milima siku nzima hawezi kubeba mzigo huo, lakini mlenga shabaha anayelala kifudifudi juu ya mkeka haoni taabu. Mtutu mnene pia huchelewa kupata joto, na mtutu uliopata joto, ikiwa chuma chake kilibaki na mikazo ya ndani tangu kiwandani, hujipinda kidogo na kuyahamisha matundu.

Hapa ndipo bunduki nyingi rahisi zinapoonyesha udhaifu wao, nao haumo katika mtutu bali katika ubao. Kitako cha bunduki hizo hutengenezwa kwa plastiki iliyomiminwa katika kalibu. Sehemu ya mbele ya plastiki hiyo ni laini. Ikiegemezwa juu ya mfuko wa mchanga hupinda ikaugusa mtutu, mara upande huu, mara upande ule. Mtutu unaoguswa namna hiyo hautetemeki tena kwa desturi yake. Kipimo cha kugundua kasoro hii hakigharimu kitu: karatasi ya daftari hupitishwa kati ya mtutu na kitako kutoka mbele hadi nyuma, kisha jambo hilo hurudiwa bunduki ikiwa imeegemezwa na kukandamizwa. Karatasi ikikwama, kitako chagusa. Dawa yake aghalabu ni msasa na subira ya jioni moja.

Nati ya mwaka 1958

Watu wengi hudhani kwamba kitu rahisi ni kitu kilichopunjwa. Historia ya bunduki iitwayo Savage 110 yaonyesha kwamba mambo huweza kuwa kinyume.

Ndani ya kila bunduki ya komeo kuna nafasi ambayo lazima iwe sahihi kwa sehemu ndogo ya milimita, yaani nafasi kati ya uso wa komeo na mahali ganda linapokaa ndani ya chemba. Ikiwa kubwa mno, ganda huvutika na kuweza kupasuka. Ikiwa ndogo mno, komeo halifungi. Kwa desturi ya zamani, fundi aliukaza mtutu ndani ya mwili wa bunduki, akapima, akaufungua, akachonga kidogo, akaukaza tena, hadi ikatosha. Kazi hiyo ilihitaji fundi stadi, na fundi stadi hulipwa vizuri.

Nicholas Brewer, aliyeisanifu Savage 110 mwaka 1958, aliikwepa kazi hiyo kwa nati. Mtutu una hesi ndefu. Mfanyakazi huweka kipimo cha chuma ndani ya chemba, hufunga komeo, huuzungusha mtutu hadi uguse kipimo, kisha huufunga hapo kwa nati kubwa ya mviringo. Kazi imekwisha. Nafasi ile sasa huamuliwa na kipimo cha chuma, wala si na jicho la fundi aliyechoka saa kumi jioni. Hali kadhalika, kichwa cha komeo kilitengenezwa kuwa kipande cha peke yake chenye kucheza kidogo, ili meno yake yote mawili yaegemee sawasawa hata kama uchongaji haukuwa kamili. Kwa njia hiyo ukarimu wa vipimo mahali pamoja ulileta usahihi mahali pengine. Wahandisi wajuao kazi yao huusifu ujanja huu zaidi ya mapambo ya fedha.

Kampuni yenyewe ilipatwa na msukosuko mkubwa wa fedha mwaka 1988, na wakati wa kujikwamua iliacha aina nyingi za silaha ikabaki na hiyo 110. Uamuzi huo waeleweka: ilikuwa bunduki ambayo kuitengeneza hakukugharimu sana, na ambayo hata hivyo ilipiga vizuri. Viwanda vingine vilikuja na njia zao. Bunduki ya Ruger American, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ina mtutu uliofuliwa kwa nyundo za mashine juu ya kalibu yenye sura ya michirizi, na mwili wake hukaa juu ya vipande vya chuma vyenye umbo la V vilivyozamishwa ndani ya plastiki, ili ule ulaini uliotajwa hapo juu usilete madhara. Kwa ufupi, mashine za kisasa zimefanya mtutu mzuri kuwa kitu cha kawaida, na sehemu kubwa ya bei ya bunduki ghali hulipia ulaini wa komeo, uzuri wa mti wa kitako, na jina.

Matundu matatu

Na turudi kwenye karatasi ya yule muuzaji, kwa kuwa ndiyo yenye hatari zaidi.

Walenga shabaha hupima kwa dakika ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa umbali wa mita 100 pembe hiyo hufunika milimita 29, na kwa mita 300 milimita 87. Watengenezaji kadhaa hutangaza kwamba bunduki zao zitapiga matundu matatu ndani ya dakika moja. Upana wa kundi hupimwa kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyo mbali zaidi.

Ichukuliwe bunduki ambayo makundi yake ya matundu matatu, yakipigwa mengi na kupimwa, yana wastani wa milimita 25 kwa mita 100. Bunduki hiyohiyo, bila kubadilishwa hata parafujo moja, itatoa wastani wa milimita 32 kwa makundi ya matundu matano, na karibu milimita 40 kwa makundi ya matundu kumi. Haikuharibika. Kila risasi inayoongezwa ni nafasi nyingine ya kutua pembeni, na hakuna risasi iwezayo kulipunguza kundi lililokwisha kupigwa. Kwa hiyo anayelinganisha kundi la matatu la bunduki moja na kundi la kumi la nyingine analinganisha vitu viwili visivyolingana.

Tena, makundi ya matatu huyumba sana. Katika mfano huu mchepuko sanifu wake ni karibu milimita 9, maana yake karibu theluthi mbili tu ya makundi zitaangukia kati ya milimita 16 na 34. Mtu akipiga makundi ishirini, si ajabu moja likawa la milimita 12 au chini yake. Ndilo litakalohifadhiwa ndani ya meza ya dukani. Yale mengine kumi na tisa yatawashia moto wa chai. Muuzaji si lazima awe mwongo. Yeye mwenyewe huweza kuamini kwamba siku ile alipiga vizuri, na siku nyingine upepo ulimharibia.

Madhara yake kwa mnunuzi ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Zikiwekwa bunduki mbili, moja yenye wastani wa kweli wa milimita 20 na nyingine wa 25, na kila moja ikapigwa kundi moja tu la matundu matatu, ile mbaya itaonekana bora karibu mara moja katika kila majaribio matatu. Jaribio la namna hiyo limezidi kidogo tu kurusha sarafu. Atakaye kujua kweli na apige angalau matundu ishirini, kisha apime umbali wa kila tundu kutoka katikati ya yote na kutafuta wastani. Njia hiyo hutumia habari ya kila risasi, ilhali upana wa kundi hutazama matundu mawili tu na kuyatupa yaliyosalia.

Makosa hujumlishwa vipi

Tundu halitoki mahali pake kwa sababu ya bunduki peke yake. Risasi nazo hazilingani: mwendokasi hupungua au kuzidi, na vichwa hupishana uzito. Mpigaji naye hupumua, moyo wake hudunda, na kidole chake huvuta kwa pembe. Makosa yasiyotegemeana hayajumlishwi kama fedha. Hujumlishwa kama pande mbili za pembe mraba katika kanuni ya Pythagoras: kila moja hupandishwa kipeo cha pili, hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili.

Kwa mfano wa hesabu tu, bunduki na ilete mtawanyiko wa milimita 10, risasi 15, na mpigaji 20. Jumla si 45 bali ni karibu 27. Sasa mnunuzi auze ng'ombe wake wote apate bunduki isiyo na kosa hata chembe: jumla itashuka kutoka 27 hadi 25. Akibaki na bunduki yake rahisi na kununua risasi bora zenye nusu ya kosa, itashuka hadi 24 hivi. Naye akifanya mazoezi hadi kosa lake mwenyewe lipungue nusu, itakuwa chini ya 21. Kosa kubwa kuliko yote ndilo linalotawala jumla, na kwa anayeanza kosa hilo mara chache sana huwa la chuma.

Umbali ukizidi, mizani hubadilika. Kufika mita 100, kichwa cha .308 huchukua karibu sekunde 0.13 na uvutano wa dunia hukishusha sentimita 8. Kufika mita 600 huchukua karibu sekunde moja, na mshuko ni zaidi ya mita 4. Risasi iliyozidi mwenzake mwendokasi kwa mita 10 tu kwa sekunde hupishana nayo milimita 2 kwa mita 100, lakini kwa mita 600 hupishana karibu sentimita 10. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao ungetikisa tu majani ya mnazi, ukipita kwa ubavu hukisogeza kichwa karibu mita moja. Hakuna bei ya bunduki inayoweza kusoma upepo kwa niaba ya mwenyewe.

Kidole, bega na kioo

Kifyatulio chastahili neno. Bunduki yenye uzani wa niutoni 32 ikifyatuliwa kwa kani ya niutoni 27, kidole karibu kinaweza kuinyanyua, na shabaha huyumba kabla fataki haijapigwa. Kwa muda mrefu viwanda viliuza vifyatulio vizito kwa hofu ya ajali na mashtaka. Tangu Savage walipotoa kifyatulio cha kurekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata bunduki za bei ya chini zimeanza kuwa na vyepesi, na jambo hili ni la kupimwa dukani kuliko rangi ya kitako.

Msukumo wa nyuma nao hufundisha tabia mbaya. Kichwa na gesi ya .308 hubeba momenta ya karibu kilogramu-mita 12 kwa sekunde. Bunduki ya kilogramu 3.5 hurudi begani kwa mwendokasi wa karibu mita 3.5 kwa sekunde. Bega likishaumia, jicho hufumba kabla ya mlio. Ndiyo maana walimu wa mchezo huu huwaanzisha wanafunzi kwa risasi ndogo ya .22, isiyo na msukumo wa kutajika. Wala huo si mchezo wa watoto: katika mashindano ya Olimpiki ya mita 50 hutumika risasi hiyo ya kipenyo cha milimita 5.6, na duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu.

Darubini rahisi yaogopesha zaidi kuliko bunduki rahisi. Nyingi husogea kwa hatua za robo ya dakika, yaani milimita 7 hivi kwa mita 100. Mpigaji huizungusha hatua ishirini kulia, ishirini juu, ishirini kushoto, ishirini chini, akipiga kila pembe. Matundu ya mwisho yasiporudi mahali pa yale ya kwanza, fedha iliyobaki na iende kwenye darubini nyingine. Hayo yote, bila shaka, hufanyika penye uwanja wa kulengea na kwa leseni. Nchini Tanzania silaha na risasi hutawaliwa na sheria ya mwaka 2015.

Jaribio la darasani

Hesabu ya matundu matatu yaweza kuthibitishwa shuleni bila bunduki yoyote. Karatasi nyeupe hulazwa sakafuni juu ya ubao, na juu yake karatasi ya kaboni, upande wa wino ukitazama chini. Mwanafunzi husimama juu ya meza na kuidondosha gololi kutoka kimo cha mita mbili akilenga alama moja, naye mwenzake huidaka isidunde mara ya pili. Kila pigo huacha nukta. Zipigwe karatasi kumi za nukta tatu, kumi za nukta tano, na kumi za nukta kumi, na upana wa kila kundi upimwe kwa rula. Wastani wa makundi ya tatu ukihesabiwa kuwa 1, ule wa matano utakaribia 1.27 na ule wa kumi 1.58, mradi anayedondosha awe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha kila mwanafunzi achague lile kundi moja dogo kuliko yote katika makundi yake ya nukta tatu, alibandike ukutani, na mwalimu aandike chini yake wastani wa makundi yote kumi.